Uzi: Kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili

Nyuzi90 (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la "kutoka mji fulani hadi mji fulani kwa ndege ni kilomita ngapi na saa ngapi" halikauki humu, na kila likija majibu yanagongana. Chukueni London Heathrow hadi New York JFK. Mmoja ataleta 5,540, mwingine 5,555, wa tatu 3,451, na wa nne atasema wote wanadanganya kwa sababu skrini ya mbele ya kiti chake ilisoma zaidi ya 5,700. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja amepima kitu chake.

Naanza na umbali kwa kuwa ndio mwepesi. Umbali wa ndege unaoandikwa kwenye majedwali ni urefu wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Nukta zenyewe si katikati ya mji wala jengo la abiria. Ni nukta rejea ya kiwanja, ambayo mamlaka ya anga ya nchi huichapisha katika kitabu cha taarifa za anga (AIP).

Ukishapata latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwa desimali, kanuni ya haversine inatosha. Kwenye lahajedwali weka latitudo kwenye B2 na B3, longitudo kwenye C2 na C3, kisha:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*SIN(RADIANS(C3-C2)/2)^2))

6371 ni nusukipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Heathrow ni 51.4775 na -0.4614, JFK ni 40.6397 na -73.7789. Jibu linatoka 5,540 kasoro kidogo. Gawa kwa 1.852 upate maili za baharini, ambazo marubani hutumia: kama 2,991. Gawa kwa 1.609 upate maili za kawaida: kama 3,442.

Muda ni kesi nyingine. Nitaurudia nikishaona umbali umeeleweka.

MchoraRamani

Uzi mzuri mkuu. Niongezee hiyo 5,555 inakotoka, isije ikaonekana ni kosa.

Dunia si mpira kamili. Nusukipenyo kwenye ikweta ni kilomita 6,378.1, kwenye ncha ni 6,356.8. Haversine inajifanya haioni tofauti hiyo, kwa hiyo inaweza kukosea hadi karibu asilimia 0.5 kutegemea njia inaelekea wapi. Vikokotoo makini vinatumia umbo la WGS-84, lilelile la GPS, na kwa London na New York vinatoa kama 5,555. Hiyo 3,451 ya mtu wa tatu ndiyo hiyohiyo 5,555 kwa maili za kawaida.

Kama unaandika programu yako, angalizo moja: njia ya kukokotoa ya Vincenty ya 1975 ni sahihi sana, lakini ikipewa nukta mbili zilizo karibu kabisa na kukabiliana pande mbili za dunia inaweza kuzunguka bila kufikia jibu. Njia ya Karney ya 2013 haina tatizo hilo. Kwa makadirio ya safari, haversine inatosha kabisa. Kilomita 15 kwa ndege kubwa ni dakika moja.

BawaLaKushoto

Na urefu wa kuruka je? Ndege iko kilomita 11 juu, duara linakuwa kubwa zaidi.

MchoraRamani

Linakuwa kubwa kwa 11 ukigawa kwa 6,371, yaani asilimia 0.17. Kwa London na New York ni kama kilomita 10. Haina uzito, na hakuna jedwali linaloihesabu.

FundiLahajedwali

Kanuni ikishawekwa sawa, makosa yote yaliyobaki hutoka kwenye data. Nayaweka hapa maana ndiyo yanayorudi kila siku.

La kwanza, dakika na sekunde kusomwa kama desimali. AIP inaandika Heathrow 512839N, maana yake nyuzi 51, dakika 28, sekunde 39. Ukiandika 51.2839 umekihamisha kiwanja zaidi ya kilomita 21 kusini. Sahihi ni 51 + 28/60 + 39/3600 = 51.4775. Dalili ya kosa hili: ukikagua safu nzima, hakuna hata desimali moja inayozidi .5959.

La pili, alama ya kutoa. Magharibi ni hasi, kusini ni hasi. Ukiisahau kwa viwanja vyote viwili vya magharibi, umbali unatoka sahihi kwa bahati tu, na hutagundua mpaka siku utakapoweka kiwanja cha mashariki. Ukiisahau kwa kimoja, New York inahamia Asia ya Kati na bado umbali unabaki unaaminika, kwa sababu Heathrow ipo karibu sana na longitudo sifuri. Kosa hilo ni la kukomesha.

La tatu, kusahau RADIANS. Hili linajitangaza lenyewe kwa majibu ya ajabu.

La nne ndilo baya: kiwanja kisicho chenyewe. LON, NYC, PAR na TYO ni misimbo ya miji, si ya viwanja. Ukiandika TYO mfumo unaweza kukupa Haneda (HND) au Narita (NRT), na kati ya hivyo viwili kuna kama kilomita 60. Kuna pia majina pacha: San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Sydney ya Australia ni SYD, na kuna Sydney nyingine Kanada yenye msimbo YQY. Hakikisha kwa msimbo wa herufi nne wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Hauchanganyi, kwani herufi zake za mwanzo zinaonyesha eneo la dunia: EG ni Uingereza, RJ ni Japani, K ni Marekani bara.

MsafiriMpya

Samahanini wakuu, mbona kwenye ramani njia imepinda kwenda juu kaskazini, na nyie mnasema ndiyo fupi?

MchoraRamani

Kwa sababu ramani ni bapa na dunia si bapa. Ramani ya Mercator inavuta maeneo ya karibu na ncha. Mstari ulionyooka juu yake unalinda uelekeo wa dira, haulindi umbali. Chukua tufe na uzi, bana ncha mbili, vuta ukaze. Utaona wenyewe unapita wapi.

Nyuzi90

Sasa muda. Hapa lazima kwanza muulizane: muda upi?

Kuna muda wa angani, tangu magurudumu yaache ardhi hadi yaguse. Kuna muda wa kabari hadi kabari, tangu ndege isogee kwenye maegesho yake hadi isimame kwenye maegesho ya kule. Halafu kuna muda wa mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli, ambao tovuti nyingi za "umbali kati ya miji" haziugusi kabisa. Tiketi inaonyesha wa pili. Tovuti nyingi hukokotoa wa kwanza, na zinaukokotoa vibaya, kwa kugawa umbali kwa 800 au 900 na kuongeza nusu saa.

Makadirio yanayokaribia ukweli yanakwenda hivi. Chukua umbali wa duara kuu uzidishe kwa 1.03 kwa safari ndefu, au 1.05 hadi 1.10 kwa safari iliyo chini ya kilomita 1,000. Ziada hiyo ni mizunguko ya kuondoka, njia za anga zisizonyooka, na kujipanga kutua. Gawa kwa kasi juu ya ardhi. Ndege ya kundi la A320 au 737 inakwenda kama Mach 0.78, yaani 0.78 ya kasi ya sauti, na katika baridi ya nyuzi -56 kule juu hiyo ni karibu kilomita 830 kwa saa. 777, 787 na A350 zinakwenda Mach 0.84 hadi 0.85, karibu 900. Jumlisha au toa upepo. Kisha ongeza kama dakika 15 za kupanda na kushuka, maana chini ya futi 10,000 nchi nyingi zinazuia kasi isizidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa. Mwisho ongeza dakika 25 za ardhini kwa pande zote mbili. Kiwanja kikubwa saa za msongamano weka 40.

London kwenda New York: 5,540 × 1.03 = 5,706. Kasi 900 kutoa 70 za upepo wa mbele = 830. Inatoka saa 6 dakika 52. Ongeza 15 na 25, inafika saa 7 dakika 32. Tiketi nyingi zinaandika kama saa 8. Kurudi: 5,706 gawa kwa 970 = saa 5 dakika 53, jumla saa 6 dakika 33. Tiketi inaandika kama saa 7.

Kabari

Hiyo nusu saa inayobaki kila upande si kosa la hesabu. Ni akiba ya ratiba.

Shirika halipangi muda kwa kukokotoa umbali. Linachukua kumbukumbu za safari zilizopita za njia hiyo, msimu huo, saa hiyo ya siku, kisha linachagua muda ambao sehemu kubwa ya safari zitaweza kuutimiza. Ndiyo maana njia ileile inaweza kuwa na muda tofauti asubuhi na usiku, au kiangazi na baridi. Marekani, ndege ikifika ndani ya dakika 15 baada ya saa ya ratiba haihesabiwi kuchelewa, kwa hiyo kila dakika ya akiba inapendezesha takwimu za shirika.

Matokeo yake mnayajua: rubani anatangaza mtafika dakika 25 kabla ya wakati, mnatua kweli, halafu mnakaa mmesimama kwa sababu maegesho yenu bado yana ndege nyingine. Kwa hiyo anayetaka kujua muda halisi asitazame ratiba peke yake. Atafute namba ya safari kwenye tovuti za kufuatilia ndege, achukue safari kumi za karibuni, aondoe ya haraka kuliko zote na ya taratibu kuliko zote, aangalie zilizobaki.

BawaLaKushoto

Upepo mnaupa ukubwa usio wake. Ukienda unakupunguzia, ukirudi unakuongezea. Unajifuta.

Nyuzi90

Haujifuti mkuu. Piga hesabu: kilomita 5,500, kasi 900, upepo 100. Kwenda dhidi ya upepo ni 5,500 kwa 800 = saa 6 dakika 52. Kurudi ni 5,500 kwa 1,000 = saa 5 dakika 30. Jumla saa 12 dakika 22. Bila upepo ingekuwa 12 na dakika 13. Unapoteza siku zote, kwa sababu muda unaokaa ndani ya upepo mbaya ni mrefu kuliko unaokaa ndani ya upepo mzuri. Hata upepo wa ubavuni unakula kasi, ingawa kidogo: 100 za ubavuni zinaishusha 900 hadi kama 894, maana pua lazima ielekezwe upande ili ndege isisukumwe nje ya njia.

MzeeWaUpepo

Naunga mkono, ila tuseme upepo upi na wapi.

Mkondo mkali wa upepo wa juu unakaa kilomita 9 hadi 12, kwenye latitudo za kati, kaskazini na kusini, na unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unakaza zaidi katika majira ya baridi ya upande husika, na unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Hapo ndipo tofauti ya kwenda na kurudi inapofika saa nzima na zaidi. Februari 2020, kimbunga Ciara kilipokuwa kinaisukuma Atlantiki, 747 ya British Airways ilitoka JFK ikatua Heathrow kwa saa 4 dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti, kwa sababu ndani ya hewa yenyewe ilikuwa inakwenda kasi yake ya kawaida.

Njia inayokwenda kaskazini na kusini, au inayokaa karibu na ikweta, kwa kawaida haipati hayo. Tofauti ya kwenda na kurudi inakuwa dakika chache. Kwa hiyo ile 70 ya Nyuzi90 msiichukue mkaiweka kila mahali. Ni ya Atlantiki ya Kaskazini.

Na kuna jambo tovuti za umbali haziwezi kulionyesha: mpangaji wa safari hatafuti njia fupi kwa kilomita, anatafuta inayomaliza mapema au inayokula mafuta machache. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya kila siku kufuata upepo, seti ya kwenda magharibi mchana na seti ya kwenda mashariki usiku. Ndege inaweza kuongeza kilomita 200 ili ikwepe upepo wa mbele na bado ikafika mapema kuliko iliyonyoosha.

SaaZaDunia

Upepo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni anga iliyofungwa. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya kama saa 9 na nusu kupitia Siberia. Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya Februari 2022, ikawa kama saa 13, nyingine zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini. Umbali wa duara kuu haujabadilika hata mita moja. Ukiuliza kikokotoo leo kitakupa jibu lilelile la 2019, na muda kitakaokupa utakuwa wa ndege isiyokuwepo.

Halafu kuna sharti la ndege za injini mbili. Bila kibali maalumu hazitakiwi kuwa mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha kutua dharura kwa mwendo wa injini moja. Vibali vya dakika 180 na zaidi vimeondoa sehemu kubwa ya tatizo, lakini juu ya bahari za kusini bado njia inaweza kupindishwa.

MsafiriMpya

Mimi nilitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, New York 19:00, London 07:00. Nikapata saa 12. Tiketi inasema 7. Nani muongo?

SaaZaDunia

Hakuna muongo. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pake. Peleka zote kwenye UTC, yaani saa rejea ya dunia nzima, ndipo utoe. New York majira ya baridi ni UTC-5, kwa hiyo 19:00 ni 00:00 UTC ya siku inayofuata. London majira ya baridi ni UTC yenyewe, 07:00. Tofauti ni saa 7.

Mitego iliyopo:

Tofauti ya New York na London si 5 mwaka mzima. Marekani inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya inangoja Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 4. Vuli inatokea tena kwa wiki moja, kwa kuwa Ulaya inarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Si kila kanda ni saa kamili. India ni UTC+5:30, Nepal ni UTC+5:45.

Mstari wa tarehe: ukitoka Auckland usiku kwenda Honolulu unafika asubuhi ya tarehe ileile uliyoondoka. Ukitoa bila tarehe utapata muda hasi.

Na huu unawakosesha watu ndege kabisa: tiketi ikiandika 00:15 tarehe 15, ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14.

Kabari

Kabla hatujaenda mbali, umbali wa duara kuu una kazi moja ambayo kilomita kumi zinaweza kuwa pesa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004, ya fidia za kuchelewa na kufutwa kwa safari, inapanga kwa umbali: euro 250 hadi kilomita 1,500, euro 400 hadi 3,500, na euro 600 kuzidi hapo kwa safari zinazotoka au kuingia nje ya Umoja. Inasema wazi kwamba umbali ni wa duara kuu, si uliorukwa. Kwa safari ya kuunganisha, mahakama ya Umoja huo iliamua 2017 kwamba unapimwa moja kwa moja kutoka kiwanja cha kwanza hadi cha mwisho, si kwa kujumlisha vipande. Na muda wa kufika, iliamua 2014, ni pale angalau mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kushuka. Si magurudumu kugusa ardhi, wala si ndege kusimama.

Njia yako ikiwa karibu na mpaka wa 1,500 au 3,500, usitumie haversine. Tumia kikokotoo cha WGS-84 na nukta rejea za AIP.

BawaLaKushoto

Sawa, la upepo nimelikubali. La mwisho: safari fupi, tuseme kilomita 300, ndege ya pangaboi inachelewesha kiasi gani ukilinganisha na jeti?

Nyuzi90

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. 300 × 1.08 = 324. ATR 72 inakwenda kama 500 kwa saa, inatoka dakika 39. Jeti kwa umbali huo haipati nafasi ya kukaa kwenye kasi yake kamili, inapanda na kuanza kushuka. Weka wastani wa 700, inatoka dakika 28. Kupanda, kushuka na ardhini havitofautiani sana. Kwa hiyo ni kama dakika 10. Kwa kilomita 900 tofauti inafika karibu nusu saa na zaidi, hapo unaisikia. Dash 8-400 ina kasi zaidi, karibu 660, inaziba sehemu kubwa ya pengo. Kwenye ratiba angalia safu ya aina ya ndege: ATR 72 mara nyingi huandikwa AT7, Dash 8-400 ni DH4.